Upande wa Pili wa Kanda za Mwahija

Mwahija binti Maulidi alikuwa na sauti iliyojulikana Shinyanga nzima na uso ambao hata jirani zake wa Ngokolo waliusahau wakikutana nao sokoni. Tangu mwaka 1968 alikaa kwenye swichibodi ya simu, visikizio kichwani na waya mkononi, na kila aliyetaka kuongea na Mwanza, Tabora au Dar es Salaam ilimbidi kwanza apite kwake. "Shinyanga, sema," ndivyo alivyoanza, bila karibu wala tafadhali. Mabwana wakubwa wa mkoa, watu ambao matumbo yao yaliingia ofisini dakika nzima kabla yao, walikuwa wakijiweka sawa vitini wakiisikia sauti ile, kama watoto wa shule waliosikia viatu vya mwalimu.

Dakika tatu alizolipia mtu zikikaribia kwisha aliuliza, "Unaongeza?" na kama mambo yalikuwa ya msiba au ya mgonjwa alijifanya hakuiona saa.

Masikio yake ndiyo yaliyokuwa kipaji. Akisikia laini ikikwaruza alijua kama Nzega kunanyesha au kuna tai amekalia waya. Alijua ofisi ipi imenyanyua mkono wa simu ili isikilize ya wenzake, kwa sababu, alisema, hata pumzi ya mmbea ina mlio wake. Ndoa yake ilikufa kwa masikio hayo hayo. Mumewe Bashiri, dereva wa lori la pamba, alimpigia kutoka Mwanza kumwambia lori limeharibika njiani naye analala chini yake. Mwahija akasikia, nyuma ya sauti ya mume, mfuniko wa sufuria ukirudishwa taratibu na mtu asiyetaka kusikika. Akamuuliza lori la pamba limeanza lini kuwa na jiko. Bashiri hakuongeza dakika.

Siku ya kwanza ya kazi alitia saini karatasi kwamba atakayoyasikia kwenye waya hatayatoa nje. Wengine walitia saini kama wanavyotia saini ahadi za mikutano ya hadhara. Mwahija aliishika. Alijua nani ameuza ng'ombe wa mahari ya mdogo wake na nani anaombea baba mkwe afe kabla ya mavuno, na watu hao hao akipishana nao njiani aliwaamkia kama hajui kitu. Katika mji ambao siri huwa inafika stendi kabla ya mwenyewe, miaka kumi na nane ya kufunga mdomo ilikuwa ndiyo mali yake yote. Hakuwa na nyumba wala ng'ombe. Alikuwa na neno lake.

Kanda zilianza na Ignas, mwaka 1983. Ignas alikuwa fundi cherehani wa Kahama, mgane, mtu mpole mwenye gitaa la umeme na amplifaya aliyoitengeneza kwa matumbo ya redio mbili zilizokufa, akaitia ndani ya sanduku la majani ya chai. Alikuja Shinyanga kupiga simu, akamsikia Mwahija akiwaelekeza mafundi mvumo unatokea nguzo ipi. Wakaenda, wakaukuta pale pale. Kesho yake Ignas alirudi na kanda, akaipitisha dirishani kwa mikono miwili kama mtu anayetoa sadaka.

"Mama, nisikilizie," alisema. "Niambie pa kurekebisha. Nyumbani wananisifu tu, kwa sababu mimi ndiye ninayewashonea."

Mwahija aliisikiliza mara ya kwanza akichambua mchele, mara ya pili kwa visikizio vibovu vya ofisini alivyovifufua mwenyewe, mara ya tatu amejilaza macho yamefumbwa. Kisha akaigeuza kanda, akabonyeza vitufe viwili vya kurekodi, akaongea. Upande wa kwanza ukawa wa mwanamuziki, upande wa pili ukawa wake, na desturi hiyo haikubadilika tena. Neno "mbaya" hakulitumia. Alianza na kile kilichobaki sikioni baada ya kuosha vyombo. Akataja mahali ambapo mkono wake ulikwenda kwenye kitufe cha kuzima, kwa sababu mkono, alisema, haujui adabu na kwa hiyo hausemi uongo. Mwisho akatoa kitu kimoja cha kurekebisha kabla ya kanda ijayo. Kimoja tu. Mtu akipewa saba atakwenda kulima.

Na sharti: upande wa pili unasikilizwa na mwenye kanda peke yake, kisha anaufuta kwa kurekodi juu yake.

Ikaenea. Ulikuwa ndio wakati vijana wa mkoa mzima wamegundua umeme, ingawa umeme ulikuwa bado haujawagundua wao. Walipiga magitaa kwa betri za lori, walianika betri za tochi juani kama dagaa ili zifufuke kwa wimbo mmoja zaidi. Kanda zilitoka Buseresere, zilitoka Ushirombo, zote mkononi mwa Marselino, kondakta wa basi, zimefungwa kwa magazeti ya zamani. Viongozi waliofika nyumbani kwa Mwahija wakiwa picha za gazeti zilizokunjwa kwenye kanda walikuwa wengi kuliko waliowahi kufika Ngokolo kwa miguu yao.

Ya Nkwabi ilikuja mwanzoni mwa 1985, kutoka Runzewe. Nkwabi alikuwa mchimbaji aliyebahatika kwenye duara moja kule Geita. Wenzake aliogawana nao shimo hilo walinunua baiskeli na kuoa mke wa pili. Yeye alinunua kinanda cha Kijapani cha kuwekea mapajani, chenye vitufe vinavyopiga ngoma vyenyewe. Katika kanda yake ya kwanza aliimba wimbo wa palizi wa Kisukuma juu ya kitufe cha dansi ya Kizungu, ile ya kuzungushana ukumbini. Jogoo aliwika mara tatu. Katikati mtu aliingia kuomba kiberiti, akapewa.

"Sauti yako inalima," Mwahija alimwambia upande wa pili, "lakini ngoma yako imevaa suti. Wimbo wa palizi una watu arobaini walioinama. Kitufe chako kina mabwana wawili wanaoombana radhi. Sitaki uguse kingine chochote. Tafuta kitufe kinachoinama. Kama hakipo, zima vyote upige kwa kidole. Na jogoo muache, ameingia kwa wakati."

Nkwabi akapiga kwa kidole. Kanda ya nne besi ilizidi kiasi kwamba spika ndogo ya Mwahija ilijikunja kama mtu mwenye tumbo. "Punguza besi, mdogo wangu," alisema. "Punguza. Hapo mkono wangu ulikwenda kwenye kitufe." Kanda ya saba besi ilikaa. Kanda ya tisa Nkwabi alikuwa amepata redio ya kanda mbili, na Mwahija akamfundisha kuunganisha vipande: bonyeza kitufe cha kusitisha, usiachie mpaka pigo la kwanza linapoanguka, hapo hakuna sikio litakalojua pamekatwa. Alitumia upande mzima kumwelekeza, akiigiza mapigo kwa kijiko kwenye bakuli. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na moja, hakuwa na mtoto, na kila Ijumaa alijikuta akimsubiri Marselino kwa namna ambayo Zuleha, mwenzake wa zamu, alianza kumtania kwamba basi lile limemzalisha.

Oktoba 1986 ilikuja barua badala ya wimbo. Nkwabi alisema Runzewe wanamcheka, kinanda wanakiita ubao wa pasi, naye amepata mtu wa kubadilishana naye kwa mbuzi. Na kwamba Ignas wa Kahama alipita huko na gitaa lake, watu wakamwaga machozi. Labda mimi sina kitu, dada. Niambie tu niache.

Mwahija aliweka kanda tupu, akaongea. Alimwambia asithubutu kugusa mbuzi wa mtu. Alimtajia kanda moja moja, alichokosea na alichorekebisha. Kisha, kwa sababu alitaka kumwinua na hakuona kitu kingine cha kumkanyagisha, akasema: "Ignas usimwogope. Ignas ana moyo, sikio hana. Kanda kumi na moja ameniletea, zote namwambia jaribu tena, kwa sababu namhurumia. Wewe sikuhurumii. Elewa tofauti."

Mkono ukaenda kwenye kitufe cha kurudisha nyuma, ukakaa hapo, ukarudi. Akaongeza: "Ukishasikia, futa." Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka kumi na nane kutoa nje neno la mtu, na alilitoa kwa mkono wake, kwa gharama ya stempu.

Nkwabi alijibu kwamba amefuta, na kwamba kinanda hakiuzwi.

Julai iliyofuata, mavuno yakiwa ghalani, Nkwabi alimwandikia aje Runzewe kwenye mashindano ya ngoma. Mambo yenyewe kila mtu wa huku anayajua: Bagika upande mmoja wa uwanja, Bagalu upande wa pili, kila kundi linacheza kwa wakati mmoja na lenzake, na wananchi, ambao hawajawahi kupiga kura kwa uhuru mkubwa hivyo mahali pengine popote, wanapiga kwa miguu. Jioni inapoingia, penye watu wengi ndipo pameshinda. Ili kuwavuta watu mtu analeta alichonacho. Wengine huleta nyoka, wengine fisi mwenye kamba shingoni, wengine dawa ya kufukia chini ya uwanja. Mwaka ule Bagika walimleta Ignas na gitaa. Bagalu walimleta Nkwabi na kinanda. "Njoo usikie ulichokijenga," barua ilisema.

Mwahija aliomba ruhusa ya siku nne, akavaa kitenge kipya, akapanda basi la Marselino na zawadi mkobani: kanda mpya ya dakika tisini, bado imo kwenye nailoni yake.

Waliingia Runzewe saa tisa alasiri. Vumbi lilikuwa juu, na kutoka uwanjani ilitoka besi iliyomkuta kabla hajakanyaga chini. Besi safi. Haikuvimba, haikukohoa, ilitembea kama ng'ombe anayejua zizi lake. Mguu wa Mwahija ulianza kupiga chini wenyewe. Alisimama kando ya basi akitabasamu kama mama aliyesikia jina la mwanawe likisomwa kwenye matokeo. Ndipo sauti ya mwanamke ikaingia juu ya besi, kupitia spika mbili za honi zilizofungwa kwenye mti.

"Punguza besi, mdogo wangu."

Na umati wote, mamia ya watu, ukaitikia kwa kuinama: "Punguza!"

"Hapo mkono wangu ulikwenda kwenye kitufe."

"Ukaenda!"

Mwahija alihitaji muda kuelewa ni nani anayeongea. Sauti yake mwenyewe alizoea kuiona ikitoka, hakuzoea kuipokea. Alisogea. Watu walikuwa wakicheza kwa mikono inayokwenda kwenye vitufe visivyokuwepo. Mzee mmoja aliyeshika fimbo alikuwa akisema "Unaongeza?" kwa sauti ya puani, na mkewe akianguka kicheko begani kwake. Halafu besi ikashuka, ikabaki ngoma moja ya kidole, na sauti ile ya swichibodi, iliyonyooka, isiyo na haya, ikasema:

"Ignas ana moyo. Sikio hana. Sikio hana. Sikio hana, sikio hana, sikio hana."

Alisikiliza kiungo. Ni mazoea, hakuweza kujizuia. Hapakuwa na mkwaruzo hata kidogo. Kila kipande kilikatwa pigo lilipoanguka, kama alivyomfundisha kwa kijiko na bakuli.

"Namhurumia," iliendelea sauti. "Namhurumia, namhurumia."

Watu wakaanza kuhama. Walitoka upande wa Bagika kwa makumi, wakikimbia, wengine na vigoda vyao kichwani. Kabla ya saa kumi na moja uwanja wa Bagika ulikuwa umebaki na wapiga ngoma wawili, bibi mmoja aliyekwisha kulewa na asiyejali nani anashinda, na Ignas. Ignas alimaliza wimbo wake mpaka ubeti wa mwisho. Akaliweka gitaa chini, akavuka uwanja ule mtupu, na watu walipomwona anakuja wakampisha njia wakidhani anakuja kupigana.

Alipita spika, akampita Nkwabi, akasimama mbele ya Mwahija. Hakuna mtu mwingine pale aliyekuwa amemtambua. Uso wake, kama kawaida, haukuwa wa mtu yeyote.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba, Ignas."

"Ni wewe yule?"

"Ni mimi."

"Uliyasema?"

Mwahija alikuwa na majibu mengi. Kwamba yamekatwa, kwamba yalikuwa ya mtu mmoja. Yote yalikuwa kweli, na yote yalikuwa yale yale ambayo watu wa upande wa pili wa waya humwambia wakibanwa, naye huwa anasikia mfuniko wa sufuria nyuma yake. "Niliyasema," alijibu.

Ignas alitikisa kichwa polepole, kama anayepima kitambaa kisichotosha. "Kanda kumi na moja. Nikirudi kila safari nawaambia watoto, mama wa simu amesema nimekaribia." Akatazama honi kule juu ya mti. "Haya ya leo ndiyo maoni ya kwanza ya kweli umenipa. Na umempa mtu mwingine aniletee."

"Ignas, amplifaya yako," Mwahija alisema. "Ile ya sanduku la chai. Haina mvumo kabisa. Sijasikia nyingine safi kama ile, hata za redio ya taifa. Hilo sikukwambia. Nilikuwa nasikiliza gitaa tu."

"Ulikuwa unanihurumia tu," alisema Ignas. Akarudi kukunja nyaya zake. Hakumuaga, naye alikuwa mtu aliyeaga hata mbuzi.

Nkwabi, aliyemtambua kwa kumwona na Ignas, alikuja jasho likimtiririka, shanga za ushindi shingoni, akamshika mkono kwa mikono yote miwili. Alimwambia jinsi watu walivyokuja, alivyotamani angefika tangu saa nane. Alikuwa na furaha kweli. Hilo ndilo lililomwogopesha Mwahija, kwamba alimtafutia haya usoni na hakuiona.

"Uliniambia umefuta," alisema.

"Nilitaka kufuta, dada. Kisha nikasikiliza tena, nikaona hakuna ninachoweza kupiga kikawa kizuri kama hiki." Akacheka, akaona hachekewi. "Dada, hii ni ngoma. Wenzetu wanaleta chatu. Mimi nimeleta sauti yako. Kuna ubaya gani? Watu wamekupenda. Na Ignas leo tumemtukana sisi, mwakani atatutukana yeye, ndivyo ngoma ilivyo."

"Chatu analetwa kwenye kapu, anajua ameletwa."

Nkwabi alikuwa kijana mkweli kwa namna yake. Akauliza kile alichokuwa akitaka kuuliza tangu mwanzo, macho yakimng'aa kama bila shaka yalivyong'aa zile Ijumaa zote ambazo Mwahija hakumwona:

"Lakini umeionaje? Besi, kwa mfano."

Besi ilikuwa sawa. Kila kitu kilikuwa sawa. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kutumiwa na mtu yeyote, na mkono wake haukwenda kwenye kitufe hata mara moja. Mwahija aligeuka akaenda kukaa ndani ya basi, ambalo lilikuwa haliondoki mpaka asubuhi.

Shinyanga wimbo ulifika kabla yake. Marselino aliapa siye yeye. Kazini akisema "Shinyanga, sema," mtu wa upande wa pili alisema, "Punguza besi, mdogo wangu," akakata, baada ya kugharimia simu nzima kwa ajili hiyo, katika nchi ambayo watu walikuwa wakipanga foleni ya sabuni. Bwana mkubwa mmoja, wa yale matumbo, alimwomba kwa upole kama angeweza kuunganishiwa na yule opereta mwingine, kwa kuwa ana mambo ya nyumbani. Hapakuwa na opereta mwingine ila Zuleha, na Zuleha alikuwa mmbea mkubwa aliyejulikana hadi Nzega. Akaunganishiwa na Zuleha. Hiyo ndiyo iliyomuuma kuliko zote.

Wenye kanda zilizokuwa bado kwake waliandika kuzidai. Alizirudisha zote, pande za pili zimefutwa kwa ukimya wa dakika thelathini, akikaa na kila moja mpaka iishe. Ya kumi na mbili ya Ignas haikuja.

Mwezi wa tisa, mchana, taa ya Kahama iliwaka.

"Shinyanga, sema."

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," alisema, kwa sababu hiyo hainyimwi hata mwizi.

Nkwabi alikuwa anapigia simu ya kuzungusha ya ghala la ushirika, Runzewe, ambayo laini yake ilipitia Kahama. Alieleza kwa haraka. Kuna mtu Mwanza mwenye mitambo ya kurekodi, ameusikia wimbo, anautaka. Amesema apigiwe leo kabla ya saa nane, kesho anasafiri, na akisafiri atachukua mwingine. Akataja namba. Kisha sauti ikapungua.

"Kanda mpya nilimpa Marselino. Ilikufika?"

Ilimfika. Ilikuwa juu ya kabati, ndani ya gazeti lake, haijafunguliwa.

"Niambie kitu kimoja tu, dada. Kimoja, kama zamani."

Tundu la Mwanza lilikuwa mbele ya mkono wake, wazi. Saa ya ukutani ilisema nane kasoro dakika saba. Kusema laini imejaa kulitosha. Kila siku laini zilijaa kweli, na hakuna binadamu ambaye angejua. Zuleha alikuwa amegeuza kiti anamtazama.

Mwahija alichomeka waya. Mwanza ikaita, mwanamume akaitika.

"Runzewe yuko kwenye laini," alisema. "Dakika tatu."

Kisha akafanya kitu ambacho Zuleha alikisimulia mji mzima kabla jua halijazama. Alivua visikizio, akavilaza mezani vimetazama chini, akaviwekea kiganja juu asisikie neno. Akakaa akitazama saa. Mkono wa sekunde ulizunguka mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Hakumuuliza Nkwabi kama anaongeza. Akachomoa.